Toka Kwanza Kwenye Ukurasa: Kumfundisha Kijana Kupima Habari za Mtandaoni

"Msiamini kila mnachokiona mtandaoni." Wazazi wanasema hivyo nyumbani, walimu wanarudia kwenye paredi ya asubuhi, na kila linapozuka jambo kubwa viongozi nao wanakumbusha. Ushauri huu ni sahihi, lakini haumwachii kijana kitu cha kufanya. Saa tatu usiku ameletewa video kwenye kundi la darasa. Ameshaambiwa asiamini kila kitu. Je, hii ni ya kuamini au siyo? Ushauri wetu unaishia hapo, na hapo ndipo somo lilipaswa kuanza.

Swali hilo lina majibu. Kwa miaka kumi hivi watafiti wamelishughulikia kwa uzito, Marekani, India na, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, hapa kwetu Uganda, Kenya na Rwanda. Baadhi ya waliyoyagundua yanapingana moja kwa moja na namna tulivyozoea kuwafundisha watoto kusoma.

Kuanzia mwaka 2018 hadi 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Profesa Sam Wineburg, waliwapa wanafunzi 3,446 wa sekondari nchini Marekani kazi kadhaa za kufanya wakiwa na intaneti mbele yao. Kazi mojawapo ilikuwa video ya Facebook inayoonyesha watu wakitumbukiza kura kwa wizi. Maelezo yake yalidai kwamba tukio hilo lilitokea Marekani, katika kura za mchujo za chama cha Democratic mwaka 2016. Asilimia 52 ya wanafunzi walisema video hiyo ni ushahidi mzito wa wizi wa kura. Kumbe ilipigwa Urusi. Ukweli huo ungepatikana kwa kutafuta maneno machache mtandaoni, na hakuna aliyewakataza kutafuta. Kati ya wanafunzi hao zaidi ya elfu tatu, watatu tu ndio waliofika kwenye chanzo cha video.

Mtu anaweza kusema vijana wale walikuwa wavivu. Mimi sikubali. Waliitazama video, wakaeleza walichokiona, wakatoa sababu. Walifanya kile ambacho shule imewafundisha tangu darasa la kwanza: ukipewa kifungu cha ufahamu, kaa nacho, kisome kwa makini, majibu yamo humo humo ndani. Kwenye karatasi ya mtihani kanuni hiyo inafaa, kwa kuwa aliyekichagua kifungu ni mwalimu. Mtandaoni kifungu kimechaguliwa na mtu usiyemjua, kwa nia usiyoijua, na jibu la swali kubwa kuliko yote, yaani huyu anayesema ni nani, mara nyingi halimo ndani ya ukurasa wake.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka katika jaribio dogo la Wineburg na mwenzake Sarah McGrew. Walichukua watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford, na watu 10 ambao kazi yao ya kila siku ni kuhakiki taarifa katika vyombo vya habari. Katika kazi mojawapo waliwaonyesha tovuti mbili za madaktari wa watoto, kila moja ikiwa na makala kuhusu wanafunzi kuonewa na wenzao shuleni, wakawauliza ipi ni ya kutegemewa zaidi. Tovuti moja ilikuwa ya American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha madaktari wa watoto nchini humo, kilichoanzishwa mwaka 1930 na chenye wanachama zaidi ya 60,000. Ya pili ilikuwa ya American College of Pediatricians, kikundi cha watu mia kadhaa kilichojitenga mwaka 2002 kwa kutofautiana na wenzao kuhusu nani aruhusiwe kuasili watoto. Kwa macho tu, tovuti hizo zinafanana. Zote zina nembo nzuri, majina ya madaktari na orodha ya marejeo chini ya makala.

Wanafunzi wengi walikichagua kikundi kidogo. Wanahistoria, watu waliotumia maisha yao kusoma nyaraka kwa jicho kali, waligawanyika. Wahakiki wote 10 walikitambua chama kikubwa, tena kwa haraka kuliko wengine.

Tofauti yao haikuwa akili. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya tovuti. Waliisoma kutoka juu hadi chini, wakapima lugha yake, wakaangalia marejeo, wakasoma ukurasa wa "Kuhusu sisi" kana kwamba mtu anaweza kujiandikia ushahidi wake mwenyewe. Wahakiki walitupa jicho mara moja, wakaondoka. Walifungua madirisha mapya kwenye kivinjari, wakaandika jina la taasisi, wakasoma wengine wanasema nini juu yake. Walipoirudia ile makala walikuwa wameshajua wanamsikiliza nani. Watafiti wameliita jambo hili kusoma kwa kwenda pembeni, na mimi nadhani ndilo jambo la kwanza ambalo kijana wa leo anapaswa kufundishwa kabla hajafundishwa kitu kingine chochote kuhusu habari.

Tunao msemo tunaoupenda: akili za kuambiwa, changanya na zako. Ni msemo mzuri, na ni kweli kwamba anayemeza kila anachoambiwa atapotezwa. Lakini tumwangalie kijana wa miaka kumi na tano aliyesoma posti inayodai chanjo fulani inaharibu kizazi. Anachanganya na akili zipi? Hajasoma elimu ya kinga ya mwili na hajui chanjo hupimwaje. Akikaa na ile posti na kuitafakari peke yake kwa saa nzima, uwezekano mkubwa ni kwamba mwandishi wa posti ndiye atakayeshinda, kwa sababu amejipanga na kijana hakujipanga. Kinachomwokoa ni kuondoka na kwenda kuuliza: Shirika la Afya Duniani linasemaje? Wizara ya Afya inasemaje? Huyu anayejiita daktari amesajiliwa wapi? Anachohitaji kwanza ni kujua aende wapi, hoja za kumjibu mwandishi zitakuja baadaye.

Ndiyo maana siziamini zile orodha za maswali zinazobandikwa ukutani katika maktaba nyingi. Je, ukurasa una makosa ya tahajia? Una tarehe? Una mawasiliano? Anwani yake inaishia na "org"? Maswali haya yalikuwa na maana zamani kidogo, tovuti ya uongo ilipokuwa na sura ya uongo. Leo ukurasa mzuri unanunuliwa kwa bei ndogo, programu za akili bandia zinaandika Kiswahili kisicho na kosa la tahajia, na anwani inayoishia na "org" anaweza kuisajili mtu yeyote duniani. Anwani za serikali zina ulinzi zaidi, "go.tz" kwa Tanzania, "go.ke" kwa Kenya, "go.ug" kwa Uganda, "gov.rw" kwa Rwanda, na hizo inafaa vijana wazijue. Ila orodha kwa ujumla wake inamfanya msomaji aendelee kukaa mahali ambapo mdanganyifu anataka akae.

Kenya ilionja jambo hili mwaka 2017. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti zilisambaa video mbili za habari, moja ikiwa na nembo ya BBC na nyingine ya CNN, zikionyesha kura za maoni. Nembo, rangi na mpangilio vilifanana na vya taarifa halisi. Aliyezikagua video zenyewe hakupata cha kumshtua. Aliyetoka na kwenda kwenye kurasa za BBC na CNN alikuta mashirika hayo yakisema wazi kwamba video hizo si zao.

Picha nazo zina somo lake. Mwaka 2016 kundi lile la watafiti wa Stanford liliwaonyesha wanafunzi wa sekondari picha ya maua ya deizi yenye umbo la ajabu, iliyowekwa mtandaoni na mtu asiyejulikana pamoja na maneno kwamba hayo ni matokeo ya mionzi ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Kati ya wanafunzi 170, karibu asilimia 40 walisema picha hiyo ni ushahidi mzito. Wasiofika asilimia 20 ndio waliohoji nani ameiweka na imepigwa wapi. Hakuna chochote kwenye ile posti kilichothibitisha kwamba maua yale yaliota karibu na kinu, na maua kuota yakiwa yameungana ni jambo linalotokea sehemu nyingi duniani bila mionzi yoyote. Jambo la kumfundisha kijana hapa ni kutenganisha picha na maelezo yake. Picha inaweza kuwa halisi kabisa na maelezo yakawa uongo mtupu. Hivi ndivyo uzushi mwingi wa picha unavyotengenezwa kwetu pia: mafuriko ya nchi nyingine yanapewa jina la mtaa wetu, ajali ya miaka mitano iliyopita inakuwa ya jana. Zana za kutafuta picha kama Google Lens na TinEye zinaonyesha picha ilishawahi kutokea wapi na lini, na kijana wa kidato cha pili anajifunza kuzitumia katika kipindi kimoja.

Kuhusu picha na sauti za akili bandia nitasema machache. Tulikuwa tukiwaambia vijana wahesabu vidole, watazame meno, waangalie kama mdomo unaendana na sauti. Mbinu hizo zinapitwa na wakati kila programu mpya inapotoka. Kwenda pembeni hakupitwi na wakati: kama kweli rais ametangaza jambo hilo, kituo cha televisheni cha taifa kingekaaje kimya?

Sasa, je, haya yanafundishika? Huko Lincoln, jimbo la Nebraska, walimu wa somo la uraia walifundisha vipindi sita vya dakika 50 kila kimoja. Utafiti ulihusisha wanafunzi 499, na waliopata vipindi hivyo walipiga hatua kubwa kuwazidi wenzao waliobaki na masomo ya kawaida. Vipindi vyenyewe havikuwa mihadhara. Mwalimu aliwasha kompyuta, akafungua taarifa asiyoijua, akafikiri kwa sauti mbele ya darasa: sijui hawa ni nani, natoka, naandika jina lao, naangalia matokeo bila kukimbilia la kwanza, naona gazeti fulani limewaandika, narudi. Kisha wanafunzi wakafanya wenyewe, wawili wawili. Somo lilikuwa tendo, na tendo hufundishwa kwa kuonyeshwa na kurudiwa.

Hapo mwalimu wa Sumbawanga au Kakamega atanitazama na kuniuliza: kompyuta ipi? Shule nyingi za bweni kwetu zinakataza simu. Maabara ya kompyuta, ikiwepo, ina mashine chache na umeme wa kubahatisha. Na nyumbani kuna kikwazo ambacho watafiti wa Marekani hawakulazimika kukifikiria. Kwenda pembeni kunakula bando. Mitandao ya simu inauza vifurushi vya bei nafuu vya WhatsApp au Facebook peke yake, na kijana aliyejiunga na kifurushi hicho anapokea uzushi bila kikomo, lakini akibofya kutoka nje kuuhakiki, hawezi. Tunamlaumu kwamba hakuhakiki wakati mlango wa kutokea umefungwa. Naamini wasimamizi wa mawasiliano wa nchi zetu wangeweza kulitazama hili: kurasa za wizara za afya, tume za uchaguzi na wahakiki wa taarifa zifunguke bila kukatwa bando.

Kwa bahati nzuri, jibu la swali la mwalimu huyo limetoka jirani. Mwaka 2016 nchini Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Allen Nsangi na Daniel Semakula wakiwa mstari wa mbele, pamoja na wenzao wa Norwei, walifanya moja ya majaribio makubwa zaidi duniani ya kufundisha watoto kufikiri kwa kuhoji. Walichukua shule za msingi 120 za katikati mwa Uganda, wakazigawa kwa bahati nasibu. Nusu zilipewa kitabu chenye hadithi za katuni na mwongozo wa mwalimu, kwa vipindi tisa vya dakika 80. Nusu ziliendelea na masomo yake kama kawaida. Watoto zaidi ya 10,000 wa umri wa miaka kumi hadi kumi na mbili walifanya mtihani mmoja. Waliofaulu katika shule zilizofundishwa walikuwa asilimia 69. Katika zile nyingine, asilimia 27. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Walichofundishwa kilihusu madai ya tiba. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana, kwa maana habari potofu inayomgusa kijana wetu mara nyingi ni ya afya: dawa ya chunusi, maji ya kupunguza tumbo, mitishamba ya kusafisha damu, chanjo, hedhi, nguvu za kiume. Kitabu kile kilianza na jambo ambalo kila mtoto wa kijijini analijua, kwamba mtu akiungua moto atashauriwa kupaka samadi ya ng'ombe kwenye kidonda. Anayeshauri hana nia mbaya. Yeye aliungua, akapaka, akapona. Mtoto anafundishwa kuuliza: je, asingepaka, asingepona? Vidonda vingi vya moto vidogo hupona vyenyewe. Ili kujua kama samadi inasaidia inabidi kulinganisha waliopakwa na wasiopakwa, watu wengi wa kutosha, waliogawanywa kwa haki bila upendeleo. Ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mjomba tunayempenda, haujibu swali hilo.

Tafakari ushuhuda ulivyo na nguvu kwetu. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na nchi nyingine walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi na wapo waliofia njiani. Kilichowapeleka ni maneno ya "fulani amekunywa, amepona", yaliyopita kwa simu na kwa mdomo. Waliokunywa na wasipone hawakuwa na cha kutangaza, kwa hiyo hatukuwasikia. Kijana akilielewa jambo hilo moja, kwamba sauti za waliopona hutufikia na za wasiopona hazitufikii, ameelewa pia kwa nini TikTok imejaa watu waliopungua kilo ishirini kwa kunywa maji ya ndimu.

Mwaka 2022 kazi hiyo ilipanda hadi sekondari: shule 80 za Uganda, 80 za Kenya upande wa Kisumu, na 84 za Rwanda. Vipindi vilikuwa kumi, vya dakika 40, katika muhula mmoja. Masomo yaliandaliwa kwa namna mbili, ya shule yenye projekta na ya shule yenye ubao na chaki tu. Katika nchi zote tatu waliofundishwa waliwaacha mbali wenzao: waliofikia alama ya kufaulu walikuwa zaidi ya nusu ya darasa, wakati upande wa pili, kwa jumla ya nchi hizo, ni takriban robo. Walimu nao walioandaliwa walifanya vizuri kuliko walimu wenzao. Inanisikitisha kwamba ushahidi huu, uliotengenezwa katika madarasa yetu wenyewe, na walimu wetu, kwa chaki yetu, haujulikani kwenye vyumba vingi vya walimu.

Ubao unatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Mwalimu aandike ubaoni ujumbe unaozunguka wiki hiyo, tuseme tangazo la ufadhili wa masomo kwa waliomaliza kidato cha nne, linalotaka namba ya kitambulisho na shilingi elfu kumi za fomu. Awaulize wanafunzi: nani anasema? Tungejuaje bila kumuuliza yeye? Nani mwingine angekuwa amelitangaza kama lingekuwa kweli? Wanafunzi watataja bodi ya mikopo, wizara, magazeti, mwalimu wa taaluma. Waandike majina hayo kwenye daftari. Kisha wanafunzi wawili watumwe kwenye kompyuta moja iliyopo ofisini, au mwalimu atumie simu yake, na jibu lirudi darasani kesho yake. Vijana watakaokuwa wamekisia wapi pa kuuliza wamejifunza zaidi ya nusu ya somo kabla intaneti haijaguswa.

Waonyeshwe pia alama zilizomo mkononi mwao. Ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi huwa na mishale miwili juu yake, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuusambaza kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Mishale hiyo haimaanishi kwamba ujumbe ni uongo. Inamaanisha kwamba aliyekutumia si mwandishi, na pengine wala aliyemtumia yeye. Tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Vijana wanaitumia methali hiyo kama hoja: mbona nimeliona kwenye makundi matano? Tangu mwaka 1977 wanasaikolojia wamekuwa wakionyesha kwamba sentensi iliyorudiwa huonekana ya kweli zaidi kwa sababu tu imerudiwa, iwe kweli au uongo. Makundi matano yaliyosambaza ujumbe mmoja ni chanzo kimoja.

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo inanitia wasiwasi zaidi kuliko ya kwanza. Kijana anaweza kufundishwa kushuku mpaka akaacha kuamini chochote. Utafiti uliofanyika Marekani na India na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watu waliosomeshwa vidokezo vya kutambua habari za uongo walipunguza kuziamini, lakini kwa kiasi kidogo wakapunguza kuziamini za kweli pia. Mwanafunzi anayesema "wote waongo tu, vyombo vya habari vyote vimenunuliwa" hujisikia mjanja. Ukweli ni kwamba ameacha kufanya kazi ya kupima, na atakayempata ni yule anayemwambia anachopenda kusikia. Kwa hiyo kila kipindi kiwe na habari za kweli, tena zile zinazoshangaza, ili kijana apate kuzoea kusema "nimetafuta, nimekuta ni kweli". Apewe alama kwa kuamini kwa haki sawasawa na kwa kukataa kwa haki.

Jambo lingine ambalo utafiti umeonyesha ni kwamba haya hayafanyiki kwa semina ya siku moja. Katika jimbo la Bihar, India, mtafiti Sumitra Badrinathan aliwafundisha watu wazima majumbani mwao kwa takriban saa moja kuhusu habari potofu kabla ya uchaguzi, na kwa ujumla haikusaidia. Baadaye yeye na wenzake walirudi Bihar na mpango mwingine, wa vijana wa miaka 13 hadi 18, zaidi ya 13,000, waliokutana mara kadhaa katika maktaba za vijijini kwa kipindi cha wiki 14. Safari hii vijana walitambua vizuri zaidi cha kweli na cha uongo, na miezi minne baadaye bado waliweza. Bihar ni sehemu maskini, yenye watu wengi wanaotumia simu kwa mara ya kwanza maishani. Inafanana nasi zaidi kuliko Marekani.

Kinachobaki ni nyumbani, na hapo hakuna jarida la kisayansi litakalotusaidia sana. Binti wa kidato cha tatu amejifunza haya yote. Jioni shangazi anatuma kwenye kundi la ukoo kwamba maji ya moto na vitunguu saumu yanatibu kisukari, na baba mdogo ameshajibu "Amina". Binti anajua si kweli, na anajua pia kwamba mtoto hamkosoi mkubwa mbele za watu. Tukimfundisha kuhakiki bila kumfundisha namna ya kusema, tunamweka njia panda: anyamaze, au aonekane amekosa adabu. Mwalimu aliweke na hili darasani, wanafunzi waigize. "Shikamoo shangazi. Ule ujumbe wa vitunguu nimeutafuta, nimekuta hospitali wanasema tofauti. Nikutumie usome? Naogopa bibi asije akaacha dawa zake." Amesema faragha, ameanza na heshima, ameleta chanzo, na ameonyesha anamjali bibi. Shangazi ana nafasi ya kufuta ujumbe bila aibu.

Vyanzo vya kumtumia shangazi vipo, na vingine viko kwa Kiswahili. JamiiCheck na Nukta Fakti kwa Tanzania, PesaCheck na Africa Check zenye kazi Kenya na kwingineko, huchapisha uhakiki wa taarifa zinazosambaa, na baadhi yao hupokea maombi ya uhakiki kwa WhatsApp. Namba zao zikibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule zitafanya kazi kuliko bango la "Epuka Habari za Uongo".

Mitaala yetu imeanza kufungua mlango. Mtaala wa umilisi wa Kenya unataja fikra tunduizi na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake wa msingi, na Tanzania ilianza kutumia mitaala mipya Januari 2024. Lakini kila mwalimu anajua kinachofundishwa kwa dhati ni kinachotahiniwa, na muda wa kumaliza silabasi haumsubiri mtu. Kwa hiyo ombi langu ni kwa watunga mitihani wa NECTA ya Tanzania, KNEC ya Kenya na UNEB ya Uganda. Wekeni swali moja katika karatasi ya uraia au ya lugha: mpeni mtahiniwa taarifa ya mtandaoni asiyoijua, na msimuulize inasema nini. Mwulizeni angekwenda kuuliza wapi, na kwa nini huko. Mkiliweka swali hilo mwaka mmoja, mwaka unaofuata litafundishwa katika kila shule, yenye kompyuta na isiyo na kompyuta.